Njia Panda za Hadithi: Arudhi na Hiari ya Msomaji

Njia mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga. Kisa chenyewe kinajulikana pwani na bara: fisi alifika njia panda, akanusa harufu ya nyama, asiweze kutambua inatoka upande upi. Kwa kuwa hakutaka kukosa chochote, alitia miguu ya kushoto katika njia hii na ya kulia katika ile, akaenda hivyo hivyo huku njia zikizidi kuachana, mpaka akapasuka msamba. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mwenye tamaa. Lakini ndani yake mna swali jingine linalowahusu watungaji: katika hadithi, ni nani mwenye haki ya kuchagua njia?

Katika masimulizi ya jadi jibu lilikuwa wazi. Msimuliaji alipotamka "Paukwa!" hadhira iliitika "Pakawa!", mtegaji alipotamka "Kitendawili!" wenziwe waliitika "Tega!", na walioshindwa kutegua walitakiwa kutoa mji kabla ya kupewa jawabu. Hadhira ilishiriki kwa sauti, kwa kicheko na kwa wimbo, na fanani hodari alijua kurefusha au kufupisha kisa kwa kuzitazama nyuso zilizomzunguka. Hata hivyo, sungura alipofika mtoni, aliyeamua avuke au asivuke alikuwa fanani. Kitabu kilichochapwa kiliikaza zaidi hali hiyo, kwa sababu karatasi haimwoni anayeisoma.

Katika karne ya ishirini walitokea watu, aghalabu bila kujuana, waliojaribu kumkabidhi msomaji njia panda yenyewe. Historia ya majaribio yao ina funzo kwa mpenzi wa mashairi, maana inathibitisha jambo ambalo malenga wa mwambao wamelijua kwa mazoea: hiari haizaliwi kwa kuondoa kanuni. Kila mtungaji aliyefaulu kumpa msomaji nafasi ya kuchagua alianza kwa kujifunga mwenyewe.

Mwaka 1930, nchini Marekani, Doris Webster na Mary Alden Hopkins walitoa kitabu kiitwacho Consider the Consequences!, yaani "Fikiria Matokeo". Kinamhusu msichana Helen na wanaume wawili wanaomtaka. Msomaji huamua kwa niaba ya wahusika, kisha huelekezwa aya ya kuendea. Uamuzi mmoja humpeleka Helen kwenye ndoa hii, mwingine kwenye ile. Hadithi ilikuwa nyepesi na iliandikwa kwa ajili ya burudani, lakini viungo vyote vya fani hii vilikuwamo tayari: swali, majibu mawili, nambari ya kuendea, na miisho inayotofautiana.

Miaka 11 baadaye, huko Argentina, Jorge Luis Borges aliipa fikra hiyo kina ambacho bado hakijapitwa. Katika mkusanyiko wake wa mwaka 1941 aliandika kana kwamba anahakiki kazi za mwandishi ambaye kwa kweli hakuwahi kuwapo, Herbert Quain. Riwaya moja ya Quain ina sura 13: sura ya kwanza inasimulia tukio, sura tatu zinazofuata zinasimulia siku tatu tofauti ambazo kila moja ingaliweza kulitangulia tukio hilo, na kila moja ya hizo tatu ina siku tatu nyingine nyuma yake. Moja, tatu na tisa hufanya 13, na ndani ya sura hizo mna riwaya tisa. Hapo Borges aliuchora mti mzima wa matawi, shina na vitawi vyake, bila kuiandika hata sura moja.

Hadithi iliyoupa mkusanyiko huo jina lake inazungumzia bustani ya vijia vinavyogawanyika. Ts'ui Pên, gavana wa zamani wa Yunnan, aliacha madaraka ili aandike riwaya na ajenge nyumba ya fumbo ambayo kila aingiaye angepotea. Baada ya kifo chake ilipatikana riwaya iliyovurugika, na hiyo nyumba haikuonekana popote. Mjuzi wa Kiingereza, Stephen Albert, ndiye aliyetambua kwamba riwaya na fumbo ni kitu kimoja: katika kitabu hicho mhusika akifika njia panda hachagui njia moja, huzifuata zote, na kila njia huzaa wakati wake. Lakini yote hayo yanaelezwa ndani ya kisa cha kitukuu wa gavana, Yu Tsun, anayewapelelezea Wajerumani nchini Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Yu Tsun anamsikiliza Albert kwa heshima, kisha anampiga risasi, kwa sababu jina la marehemu likitajwa magazetini litawafahamisha wakuu wake mji wa kushambuliwa. Borges alijua alichokifanya. Nadharia inasema njia zote zipo. Mkono wa Yu Tsun unafuata moja tu, nayo haina marejeo, na majuto yake hayapunguzwi na habari kwamba katika wakati mwingine Albert yu hai.

Borges aliwaza kitabu cha matawi. Waliokitengeneza kwa hesabu walikuwa Wafaransa. Novemba 1960 Raymond Queneau, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyependa hisabati, alianzisha pamoja na François Le Lionnais jamii ya watunzi na wanahisabati iitwayo Oulipo. Mwaka uliofuata Queneau alitoa kitabu cha mashairi kumi tu, yote ya soneti, umbo la mishororo 14. Kila mshororo ulichapwa katika ukanda wake wa karatasi, ukurasa ukakatwa ili kila ukanda ufunuliwe peke yake. Msomaji huweza kuchukua mshororo wa kwanza wa shairi la tatu, wa pili wa shairi la tisa, na kuendelea hivyo hadi wa 14. Kwa kuwa kila mahali pana chaguo kumi, mashairi yanayopatikana ni kumi iliyozidishwa kwa yenyewe mara 14, yaani 100,000,000,000,000. Mtu akisoma shairi moja kwa dakika moja, usiku na mchana bila kulala, atamaliza baada ya takriban miaka milioni 190.

Mpenzi wa mashairi atauliza mara moja: mishororo hiyo yawezaje kupatana? Jibu ni arudhi. Soneti zote kumi zina vina vilivyo sawa, mahali kwa mahali. Queneau alitafuta vina visivyo adimu mno, ili apate maneno ya kutosha, wala si vya kawaida mno, ili visichoshe. Muundo wa sarufi nao aliufanya ulingane, ili sentensi inayoanza katika shairi moja iweze kumalizikia katika jingine. Msomaji anacheza apendavyo kwa kuwa mtungaji hakujiachia hata silabi moja.

Jambo hili hupimika kwa kipimo cha Kiswahili. Na zitungwe beti kumi za tarbia zenye mizani 16 kwa kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao. Mshororo wa kwanza wa kila ubeti uwe na kina cha kati na cha mwisho sawa na wa kwanza wa kila ubeti mwingine. Vivyo hivyo wa pili, wa tatu, na wa nne. Kila mshororo ujitosheleze kwa maana, usimdai jirani yake neno. Hapo beti kumi huwa beti 10,000. Lakini akiteleza mtungaji mara moja, akaacha mshororo mmoja unaoegemea ule uliotangulia, beti 900 katika hizo zote zitachechemea, maana mshororo huo mmoja hukutana na mchanganyiko wote wa mishororo mitatu iliyobaki, na ule unaouegemea umo katika sehemu moja ya kumi tu. Malenga anayeshindana na mwenzake kwa malumbano, akalazimika kujibu kwa vina alivyopewa, anaujua uzito wa sharti la namna hii. Tofauti ni kwamba Queneau alijibizana na nafsi yake, mara kumi kwa kila mshororo.

Mnamo miaka hiyo hiyo jambo la matawi lilikuwa likifanyiwa kazi nje ya fasihi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Norman Crowder alitengeneza vitabu vya kujifunzia ambavyo havikusomwa kwa kufuata kurasa. Mwanafunzi alipewa somo fupi na swali, na kila jibu lilikuwa na ukurasa wake: aliyepatia alisonga mbele, aliyekosea alipelekwa kwenye maelezo ya kosa lake hasa, kisha akarudishwa kwenye swali. Mwaka 1967 Queneau aliutumia mpango unaofanana na huo kwa mzaha wa kifasihi. Kihadithi chake cha vifungu 21 humuuliza msomaji kama angependa kusikia habari za njegere watatu wachangamfu. Akikataa, huulizwa kama angependa za miti mitatu mirefu myembamba. Akikataa tena, za vichaka vitatu vya kadiri. Akikataa na hivyo, huambiwa kwamba hadithi imekwisha. Hapo msomaji alipewa hata hiari ya kutosoma, na hiari hiyo ikawa sehemu ya utungo. Julio Cortázar naye, katika riwaya yake Rayuela ya mwaka 1963, aliruhusu sura 155 zisomwe kwa njia mbili: sura 56 za mwanzo kwa mfuatano wa kawaida, au kwa kurukaruka kwa kufuata jedwali linaloanzia sura ya 73. Njia hii ya pili haina mwisho, kwani sura mbili za tamati hutumana msomaji, hii kwa ile na ile kwa hii.

Hayo yote yalibaki kwa wasomi wachache. Aliyeifikisha njia panda mikononi mwa watoto alikuwa mwanasheria wa Marekani, Edward Packard, aliyezoea kuwasimulia binti zake hadithi kabla ya kulala na kuwaachia waamue mhusika afanye nini. Mwaka 1969 aliandika hadithi ya kisiwa kwa mtindo huo, ikakataliwa na wachapishaji; ilitoka mwaka 1976 kwa shirika dogo la Vermont lililokuwa na R. A. Montgomery. Mwaka 1979 shirika kubwa la Bantam lilianza kuutoa mfululizo ulioitwa Choose Your Own Adventure, yaani "Chagua Safari Yako Mwenyewe", kikitangulia The Cave of Time cha Packard, hadithi ya pango linalotokea katika nyakati mbalimbali. Kufikia mwaka 1998 vilikuwa vimetoka vitabu 184, na nakala zilizouzwa zilipita milioni 250. Mhusika mkuu hakuwa na jina. Aliitwa "wewe".

Hapo ndipo tatizo la mti lilipojitokeza waziwazi. Mfano wa pwani utalifafanua. Nahodha yuko Unguja mwezi wa Aprili, jahazi limekwisha pakiwa boriti, safari ni ya Maskati. Je, atweke tanga mwanzo wa kusi, au asubiri upepo mkali upite ndipo aondoke demani? Hizo ni njia mbili. Kila moja ikizaa mbili, na hizo zikizaa mbili mbili, baada ya njia panda kumi tu kutakuwa na miisho 1,024, na vifungu vya kuandikwa ni 2,047. Msomaji wa safari moja atasoma 11 katika hivyo. Mtungaji anafanya kazi ya maktaba, msomaji anapata kijitabu. Packard alijaribu kuubeba mzigo huo: kitabu chake kile cha pango kilijinadi kwa miisho 40, na kwa hiyo kila njia ilikuwa fupi, mara nyingine kurasa chache tu kabla ya kifo au uokovu. Mwaka 2015 mhakiki Sam Kabo Ashwell, alipoyapanga maumbo ya hadithi za namna hii, aliliita umbo la mti unaogawanyika bila kukutana tena "pango la wakati", kwa kukikumbuka kitabu hicho.

Dawa iliyopatikana ni kuyaacha matawi yakutane. Nahodha aliyeondoka mapema na yule aliyengoja demani wote wafike Maskati, hadithi iendelee kwa mkondo mmoja mpaka njia panda inayofuata. Kazi ya mtungaji hupungua mara nyingi. Lakini dawa hiyo ina sumu yake: ikiwa safari zote mbili zinafika bandari ile ile katika hali ile ile, basi msomaji hakuchagua kitu, aliburudishwa kwa kivuli cha hiari. Watoto waliligundua jambo hili upesi. Wengi walisoma wakiwa wametia kidole katika ukurasa wa njia panda, ili wakifa katika njia hii warudi haraka wajaribu ile. Huyo ndiye fisi wa methali, ila karatasi haimpasui. Chaguo linalofutika kwa kidole ni jepesi kuliko unyoya.

Packard mwenyewe aliufanyia mzaha utii na uasi wa msomaji. Katika Inside UFO 54-40 ya mwaka 1982 kuna sayari ya raha, Ultima, ambayo kitabu kinaisifu lakini hakuna chaguo lolote linalofikisha huko. Ukurasa wake upo, picha yake ipo. Hufika tu yule anayevunja masharti, akafunua kurasa ovyo hadi akaikuta. Katika vitabu vya watoto ni nadra kuona kanuni ikizungumziwa kwa ufasaha kama huo: kuvunja arudhi kulikuwa na maana kwa sababu arudhi ilikuwapo.

Mwaka huo huo wa 1982 Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa The Warlock of Firetop Mountain, kitabu cha vifungu 400. Nyongeza yao ilikuwa kalamu ya risasi na dadu. Msomaji aliandika nguvu zake, bahati yake, na vitu alivyookota njiani. Kifungu cha baadaye kilimuuliza kama anao ufunguo fulani, na asiyekuwa nao hakupita. Sasa njia zilizokutana hazikuwa sawa tena, kwa kuwa kila msomaji alifika na mzigo wake. Kumbukumbu ilikuwa imeingia katika hadithi, ijapokuwa ilitunzwa na msomaji, ambaye aliweza kujidanganya akitaka.

Mashine haidanganyiki kwa wepesi huo, na mashine ilikuwa imekwisha kujifunza kusimulia. Kati ya mwaka 1975 na 1976 Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta huko Massachusetts aliyependa kuchunguza mapango, aliandika programu iliyoeleza kwa maneno pango la Kentucky alilolijua kwa miguu yake. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na alitaka kitu cha kuwafurahisha binti zake. Yeye na Packard, kila mmoja kwake, waliongozwa katika fani hii na mabinti. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliipanua programu hiyo. Msomaji aliandika amri ya neno moja au mawili, kitenzi na nomino, na mashine ikamjibu mahali alipo na anachokiona. Taa iliyowashwa ilibaki inawaka. Kitu kilichoachwa chumbani kilikutwa pale pale.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Michael Joyce aliitumia kumbukumbu ya mashine kwa shabaha ya kifasihi zaidi. Hadithi yake afternoon, a story, iliyoonyeshwa mwaka 1987 na kuchapishwa na Eastgate mwaka 1990, inamhusu mtu anayehofu kwamba ajali aliyoiona barabarani huenda ilimchukua mwanawe na mama wa mtoto huyo. Maneno mengi katika kila kipande ni milango ya kuendea vipande vingine. Lakini baadhi ya milango ina walinzi: haifunguki mpaka msomaji awe amekwisha kusoma kipande fulani. Kwa hiyo mtu huweza kuzunguka muda mrefu nje ya jambo ambalo mhusika mwenyewe analikwepa. Hapa sharti la mashine limekuwa sharti la moyo. Asiye tayari kukiri hafunguliwi.

Kazi hizo zilihitaji programu za kununuliwa au ujuzi wa wachache. Mwaka 2009 Chris Klimas alitoa Twine, chombo kisicholipiwa ambacho kinamwonyesha mtungaji vifungu vyake kama visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Kuunda njia kunahitaji tu kulizungushia jina la kifungu mabano ya mraba, mawili kila upande. Waliokipokea wengi hawakuwa wanahisabati, bali watu wenye jambo la kusema. Huko Cambridge, Uingereza, Joseph Humfrey na Jon Ingold walianzisha kampuni ya inkle mwaka 2011, wakabuni lugha ya maelekezo iitwayo Ink, na mwaka 2016 wakaitoa bure kwa kila atakaye. Kwa lugha hiyo iliandikwa 80 Days ya mwaka 2014, safari ya kuizunguka dunia iliyotungwa na Meg Jayanth pamoja na Ingold kwa kuanzia riwaya ya Jules Verne.

Alama za Ink zinafaa kutazamwa, kwani ndani yake mna muhtasari wa historia yote iliyotangulia. Kinyota mwanzoni mwa mstari ni chaguo linalotumika mara moja tu. Likishatumika halitolewi tena. Alama ya kujumlisha ni chaguo linalobaki. Mshale humtuma msomaji kwenye kifungu kingine. Kistari huyakusanya matawi yaliyotangulia na kuyarudisha katika mkondo mmoja. Na bila ya kuagizwa, programu huhesabu kila kifungu kimesomwa mara ngapi, ili mtungaji aweze kuandika: ikiwa msomaji alimnyima maskini maji kisimani, basi huyu maskini, akikutwa tena mjini, asimwamkie. Matawi yamekutana, mji ni ule ule, lakini salamu haipo. Chaguo limekuwa na uzito, na halikuhitaji vifungu 2,047.

Mtungaji wa Kiswahili akikaa mbele ya chombo cha namna hii hukuta mambo ambayo wabunifu wake, waliozoea Kiingereza, hawakulazimika kuyafikiria. Tuseme msomaji aliruhusiwa kuchagua silaha moja mwanzoni mwa safari, na baadaye silaha hiyo inamponyoka. Kwa Kiingereza programu huweka nomino iliyochaguliwa katika pengo, na sentensi ikatimia. Kwa Kiswahili kisu kilianguka, jambia lilianguka, upanga ulianguka. Na kikiwa cha babu, basi ni kisu chake, jambia lake, upanga wake. Nomino moja ikibadilika, sentensi nzima huitika. Hapana budi hadithi ikumbuke ngeli ya kitu pamoja na jina lake. Amri nayo ina sura nyingine: panapohitajika maneno mawili ya Crowther, Kiswahili husema "ichukue", neno moja lenye tendo, kitu na ngeli ya kitu. Kwa upande wa pili, mtungaji wa Kiingereza anayemwachia msomaji aamue kama mhusika ni mwanamume au mwanamke hutaabika kubadilisha viwakilishi kila mahali, ilhali Kiswahili husema "alikwenda" na kumaliza. Sarufi ni arudhi ya kwanza ya kila lugha: huziba mlango huu na kuufungua ule.

Katika ushairi wa Kiswahili suala la kanuni na uhuru limezua ugomvi wa miaka mingi. Kaluta Amri Abedi alizikusanya kanuni katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani iliyoacha vina na mizani, na mjadala ukawaka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Kila upande uliweza kuamini kwamba unayemtetea ni msomaji. Historia ya hadithi zenye matawi haiwezi kuamua ugomvi huo, kwa kuwa mtungaji wa shairi huru naye huwa na masharti yake, hata kama hayahesabiki kwa silabi. Lakini inaondoa dhana moja: kwamba anayepewa uhuru na anayepewa kanuni ni watu wawili. Msomaji wa Queneau ana mashairi yasiyosomeka kwa umri wa mwanadamu kwa sababu mtu mmoja alikubali kutungia vina alivyojichagulia. Msomaji wa nahodha yule wa Unguja anahisi hofu ya kuchagua upepo kwa sababu mtungaji ameweka sharti kwamba upepo uliochaguliwa hautasahaulika.

Palipo na kanuni pana pia dhamana. Mtungaji wa hadithi ya matawi huweza kujificha nyuma ya msomaji na kusema: ni wewe uliyechagua. Udhuru huo haukubaliki. Aliyeandika kwamba maskini wa kisimani aweza kunyimwa maji, na aliyeamua kwamba kumnyima kutakuwa na matokeo au hakutakuwa nayo, ni mtungaji. Msomaji huchagua katika njia alizofunguliwa. Njia isiyoandikwa haichaguliki. Kwa hiyo anayechora njia panda huulizwa mambo mawili: ni njia zipi alizozifungua, na ni zipi alizoziacha zimefungwa akijua kuna watu wanaozihitaji. Kwa wenye lugha ambayo nomino moja huitikiwa na sentensi nzima, na ambao hadhira yao ilikuwa ikijibu "Tega!" kabla ya kuwapo vitabu na mashine, hiyo ni kazi wanayoiweza.